Siagi ya epo kwa chungu cha umeme: mara mbili nimepata uji, ya tatu imekubali

Nyamusoma (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mtu wa Musoma, nipo Lancaster, Pennsylvania, huu mwaka wa sita. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Nimeleta uzi huu kwa sababu msimu wa epo umefika, na watu huku wanagawa epo kama sisi tunavyogawa maembe Desemba. Unafungua mlango asubuhi unakuta mfuko umewekwa barazani, hata hujui nani kaleta. Mwaka jana nilizila mpaka meno yakaingia ganzi, zilizobaki zikaoza. Mwaka huu nikasema sishindwi na tunda.

Wenyeji wana kitu wanakiita apple butter, yaani siagi ya epo. Tuelewane mapema, hakina siagi hata ya kupaka ukucha. Ni epo zilizopikwa saa nyingi mpaka maji yakaisha, zikawa rojo zito la kahawia unalolipaka kwenye mkate. Jina limetoka kwenye kupakika huko. Na si jamu. Jamu inashikwa na sukari, hii inashikwa na epo zenyewe.

Nina chungu cha umeme, kile cha kupika polepole, cha lita 6. Ndani kauri, nje bati lenye waya za moto. Nikasoma maelezo mafupi mahali: jaza epo, tia sukari na viungo, funika, washa, nenda kazini. Kazi ya mtu wa zamu ya usiku hiyo! Nikajaza kilo 3, nikafunika, nikaondoka. Asubuhi nafungua mlango, nyumba inanukia kama Maulidi. Nafunua chungu: uji. Uji wa rangi ya nyasi kavu. Nikauongezea saa 4, ukabaki uji. Nikaongeza sukari, nikapata uji mtamu.

Mara ya pili nikajidanganya kwamba tatizo ni viungo. Nikaweka karafuu ya unga kijiko kizima cha chai. Wakuu, msijaribu. Ilinuka kama dawa ya jino, na bado ikawa uji.

Jirani yangu ni bibi wa zaidi ya miaka 80, Mmenonite, yaani Mkristo wa dhehebu la Kimenonite. Siku ya kwanza tulipofahamiana nilimwambia natoka Mara, Tanzania, akaniuliza, "Shirati?" Shirati ni kwetu huko huko Mara. Nusura nikae chini. Kumbe wamisionari wao wa Kimenonite walitoka huku huku Lancaster wakafika Shirati mwaka 1934, na mpaka leo majina ya vijiji vyetu yanatajwa kwenye maombi yao. Basi bibi huyo nikamwita aje aonje uji wangu. Hakuonja. Alishika kifuniko, akakiinua taratibu bila kukitikisa, akakipeleka kwenye sinki na kukiinamisha. Yakamwagika maji.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chungu hiki kimetengenezwa kutunza maji. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi chini, usiku kucha. Ukipika maharage au kongoro hiyo ni neema. Lakini kazi yote ya siagi ya epo ni kufukuza maji, na mimi nimeyafungia mlango.

Naja na vipimo, ngoja nipumzike kwanza, nimetoka zamu.


Kijana_wa_Tandika

Shikamoo mama. Nimekaa pale nasubiri vipimo. Ila naomba kuuliza, kwa nini upate tabu yote hii na jamu zipo dukani?


Nyamusoma (mleta uzi)

Marahaba mwanangu. Na chapati zipo hotelini, mbona mama yako anasukuma?


Kijana_wa_Tandika

Nimekoma 😂


Tofaa_Limuru

Mimi niko Limuru. Kwanza, dada, hilo tunda ni tofaa. "Epo" ni nini?


BintiMlandege

Tofaa ni lenu la bara. Sisi Unguja ukisema tufaa mtu anakuletea lile tunda letu la miti mikubwa, lenye umbo la kengele, lina maji mengi na harufu ya waridi. Hili la baridi ni tufaha. Neno limetoka Kiarabu, lina h yake, mnaila bure.


PomeYaGoma

Sisi wa Kivu tunasema pome, basi. Mie niko Harrisburg, si mbali na weye mama. Endelea na vipimo, lugha tutaipika kesho.


Nyamusoma (mleta uzi)

Haya, nimelala, nimeamka. Nitasema epo, mwenye tufaha na atufahe.

Epo kilo 3, na zisiwe za aina moja. Ukitumia tamu tupu kama Gala au Fuji, siagi inakuwa tamu isiyo na kichwa wala miguu. Ukitumia chachu tupu kama Granny Smith, utamwaga sukari mpaka uogope. Mimi naweka nusu McIntosh, hiyo inavurugika upesi haina ubishi, na nusu aina yoyote yenye ukali kidogo, kama Jonathan. Zilizosinyaa na zenye mabaka zinafaa kabisa, kata tu palipooza. Naosha, nakata mara nne, natoa moyo na mbegu. Maganda siyatoi. Ganda lina pektini, ndiyo inayoshikisha, na linaongeza rangi. Bibi yeye anamenya mpaka epo ya mwisho, ila yeye hana blenda.

Zikiingia chunguni zinafika ukingoni, usitishike, zitashuka. Maji nusu kikombe tu, ya kuzuia kuungua mwanzoni. Ukiwa na juisi ya epo isiyochujwa, ile ya rangi ya chai inayouzwa mashambani huku, tumia hiyo badala ya maji. Sukari kikombe kimoja na nusu, nusu yake ya kahawia. Chumvi robo kijiko cha chai. Mdalasini kijiko kikubwa kimoja. Kungumanga ya kukwaruza kidogo. Karafuu ya unga ROBO kijiko cha chai. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeumia.

Naanza saa 3 usiku wa mwisho wa zamu zangu, ili asubuhi nisiwe na haraka ya kitanda. Kifuniko kimefungwa, moto mdogo. Usiku huo sitafuti uzito, natafuta zilainike. Narudi saa 1 asubuhi, zimelala kama kitambaa. Nasaga na blenda ya mkono humo humo chunguni mpaka ganda lisionekane.

Sasa ndiyo siagi inaanza. Nalaza mwiko wa mti juu ya mdomo wa chungu, naegemeza kifuniko juu yake kibaki wazi upande. Moto naupandisha. Nakoroga kila nusu saa, na ikianza kuwa nzito kila robo saa, nikikwangua pembeni kwa sababu pembeni ndiko inakoanza kushika. Kifuniko sikitoi kabisa kwa sababu rojo likikaza linaruka kama ugali unaotokota, na tone lake likikupata mkononi utaimba. Hapo inachukua saa 3, wakati mwingine 5, inategemea epo zilikuwa na maji kiasi gani.

Kujua imeiva: weka kisahani kwenye friza, dondoshea kijiko kimoja, subiri. Maji yakitambaa kuzunguka tone, rudi kwenye mwiko. Tone likikaa na heshima zake bila kutoa maji, zima. Bibi hana kisahani. Anachota kijiko, anakitoa kwenye mvuke, anaongea dakika 2, kilima kikiwa bado kilima basi.

Kilo 3 zinanipa chupa 5 hivi za robo lita, na za kulamba.


Mzee_wa_Soketi

Mleta uzi nakupongeza, umeeleza mvuke kuliko walimu wangu wa fizikia.

Niongeze historia kidogo ya chombo chenyewe, maana inaeleza kwa nini kinatunza maji. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, hati yake ya ubunifu ilitoka mwaka 1940. Mama yake alimsimulia kuhusu cholent, chakula cha Kiyahudi cha maharage na nyama kule Lithuania. Sabato hawawashi moto, kwa hiyo Ijumaa kabla jua halijazama walipeleka vyungu kwenye tanuri la mwoka mikate, vikalala humo usiku kucha kwa joto lililobaki. Naxon akauza mashine yake kwa jina la Naxon Beanery, yaani ya maharage. Kampuni ya Rival ikanunua biashara yake, na mwaka 1971 ikaitoa kwa jina la Crock-Pot. Chombo ni cha maharage tangu kuzaliwa. Kukipikia siagi ya tufaha ni kumpa fundi seremala kazi ya uashi.

Jambo la pili, kwa mliopo nyumbani mnaotaka kuletewa na ndugu. Chungu cha Marekani ni cha volti 120. Kwetu ni 230. Ukikichomeka moja kwa moja, kile cha wati 300 kitavuta karibu mara nne, zaidi ya wati 1,000. Hakitapika haraka, kitaungua. Tafuta kilichotengenezwa kwa volti zetu, au ununue transfoma ya kushusha yenye nguvu ya kutosha, ambayo bei yake itakufanya uikumbuke sufuria yako kwa upendo.


Kijana_wa_Tandika

Mzee hapo kwenye transfoma umenitoa kwenye ndoto. Na uniti je? Saa 14 si LUKU itaita ambulensi?


Mzee_wa_Soketi

Wati 200 hadi 300 ni kama taa kadhaa za kizamani. Usiku wa saa 10 kwa moto mdogo na saa 4 za moto mkubwa haufiki uniti 4. Pasi yako na birika lako ndio maadui.


Tofaa_Limuru

Mimi sina hiyo chungu na siagizi. Jiko la makaa haliwezi?


Nyamusoma (mleta uzi)

Linaweza vizuri sana, na kwa siri nitakuambia linaweza kuliko chungu, kwa sababu sufuria wazi haigombani na mvuke. Tafuta sufuria nzito ya kitako kinene. Makaa machache, yakishika yafunike majivu moto usimame. Kinachokupungukia ni ule usingizi. Chungu kinakulindia usiku, jiko la makaa linataka mtu amekaa na mwiko.

Na hivyo ndivyo walivyofanya hawa wenyeji kabla ya umeme. Bibi ameniambia jioni ya kwanza watu walikusanyika kumenya na kukata, kila nyumba na kisu chake, maneno mengi kuliko epo. Alfajiri wanawasha kuni nje chini ya sufuria kubwa la shaba, wanaanza kuchemsha juisi ya epo mpaka ipungue, ndipo vipande vinaingia kidogo kidogo. Mwiko wake una mpini mrefu kupita mtu, umeinama kama jembe, ili mkorogaji asimame mbali na moshi. Walitupia senti chache za shaba, zimesuguliwa zikang'aa, ziwe zinateleza chini kwenye kitako na kuzuia rojo lisigande. Wanakoroga kwa zamu mpaka jioni, mara mbili pembeni, mara moja katikati. Akiacha mtu mwiko hata kidogo, siagi ya kijiji kizima inanuka moshi, na jina lake litakaa nalo mpaka msimu ujao. Kwa lugha yao ya Kijerumani cha Pennsylvania wanaiita lattwarick.

Nilimuuliza kama anazikumbuka siku hizo kwa hamu. Akasema anaukumbuka mgongo.


BintiMlandege

Subhanallah. Dada, umenielezea halua.

Mimi nipo Maskati sasa, lakini nimekulia jirani na wapika halua Unguja. Sufuria kubwa la shaba, mpini mrefu, mwanamume amevua shati anakoroga bila kupumzika, wanapokezana. Hapa Oman ni vile vile, saa 2 na zaidi mkono haukomi. Ukimwita mpika halua hageuki. Kwetu ni wanga, sukari, samli, zafarani na iliki, hakuna tunda, lakini mkono ni ule ule mmoja. Na sufuria la shaba lazima lisuguliwe kwa kitu kikali kabla ya kazi, sijui hao wenzetu wanafanyaje.


Nyamusoma (mleta uzi)

Siki na chumvi, mpaka ling'ae kama senti. Na siagi ikiiva wanaipakua mara moja, haiachwi ilale ndani ya shaba, kwa sababu epo ni kali na shaba inaliwa.

Dada umenifurahisha. Bibi nitamwambia leo kwamba kuna watu Zanzibar wana mgongo kama wake.


BintiMlandege

Mwambie na karafuu robo kijiko ni dharau kwa Pemba 😂 lakini nakubali. Karafuu ikisagwa mafuta yote yanatoka, na kwenye chungu kilichofunikwa saa 10 hakuna pa kutorokea. Weka nzima 4 kwenye kitambaa, zitoe kabla ya kusaga.


PomeYaGoma

Mama, mie nimefanya ile ya kwako juzi. Imetoka muzuri, lakini nyeusi kupita yako. Ni mbaya?


Nyamusoma (mleta uzi)

Umeonja ikoje? Ikiwa ina utamu wa sukari iliyokaangwa, hapo umefika mbali kuliko mimi. Rangi inatokana na sukari za epo kuiva polepole, na sukari ya kahawia ukizidisha inatia giza mapema. Ikiwa na uchungu nyuma ya ulimi, basi ilishika pembeni ukaikwangulia ndani. Inayoshika pembeni ikawa ngumu usiirudishe, iache hapo hapo.


PomeYaGoma

Hakuna uchungu. Basi ni muzuri. Hawa wa hapa wanakula na jibini nyeupe laini, ile ya vipande vidogo. Nikakumbuka fromaje, jibini ya Masisi kwetu Kivu, nikakata jibini ingine ya ng'ombe nikapaka juu. Bwana yangu hakuongea mpaka sahani ikaisha.


Fundi_Jikoni_Mwenge

Mnajisumbua na saa 14. Weka unga wa mahindi laini vijiko 2, inakaza dakika 5. Biashara nimefanya hivyo.


Mkemia_wa_Jikoni

Samahani Fundi, hiyo unayouza ni mchuzi wa epo. Nimesomea sayansi ya chakula, naomba niingie hapa maana kuna watu watajaza chupa na kuziweka kabatini.

Wanga hauondoi maji, unayaficha. Siku tatu kwenye friji yanaanza kutoka tena juu. Na ukitaka kuchemsha chupa ili zikae kabatini, wanga unazuia joto kufika katikati ya chupa. Hatari si ukungu peke yake.

Jambo la msingi ni uchachu. Kipimo chake ni pH, namba ikishuka uchachu unapanda. Tufaha nyingi zina pH ya 3.3 hadi 4. Mpaka wa usalama ni 4.6, chini ya hapo vijidudu vya botulizimu, ile sumu ya chakula inayoweza kuua, havioti. Ndiyo maana siagi ya tufaha inaweza kuhifadhiwa kwa kuchemsha chupa kwenye maji tu. Sukari haihusiki na usalama huo, kwa hiyo mwenye kisukari akitaka apunguze au aache kabisa, siagi itakuwa kali kidogo na ikishafunguliwa haitadumu sana, basi.


Kijana_wa_Tandika

Mkemia swali. Epo huku Dar ni ghali, nyingi zinatoka Afrika Kusini zimebandikwa stika kama wachezaji. Nikitumia ndizi mbivu? Au papai? Boga?


Mkemia_wa_Jikoni

Pika, kula, hifadhi kwenye friji wiki moja au mbili, au kwenye friza. Usijaze chupa ukaweka kabatini. Ndizi ni 4.5 hadi 5.2, papai linapita 5, boga nalo liko juu ya mpaka. Yote matatu mazito, joto linapenya polepole, na pH imeshavuka. Hata wataalamu wa Marekani wanaowafundisha watu kuhifadhi vyakula nyumbani wamekataa siagi ya boga kwenye chupa, pamoja na kwamba wanaipenda. Embe linabadilika sana kulingana na aina na kuiva kwake, bila kipimo sitakuambia ndiyo.

Na epo za nyumbani zipo. Lushoto zinalimwa, Njombe na Makete pia. Ukipata za kule zilizogongwa njiani, bei inaongea.


Tofaa_Limuru

Hapa kuna tofaa za Wambugu, zilianzia Nyeri, sasa watu wengi wanapanda. Zangu ni miti miwili, mwaka huu imezaa vizuri. Nataka kuhifadhi kwa chupa. Nichemshe dakika ngapi?


Nyamusoma (mleta uzi)

Mimi dakika 5 maji yakiwa yanatokota.


Mkemia_wa_Jikoni

Hapana, subiri! Tofaa_Limuru usifuate hizo 5. Dada yuko sahihi kwa Lancaster kwa sababu kule ni chini. Wewe uko zaidi ya mita 2,000. Kadiri unavyopanda maji yanatokota kwa joto la chini. Nairobi yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi, Limuru chini ya hapo. Maji yanaruka ruka, unaona yamechemka, kumbe hayana moto wa kutosha.

Kwa siagi ya tufaha kwenye chupa za robo au nusu lita: kuanzia usawa wa bahari hadi mita 300 hivi, dakika 5. Kutoka hapo hadi mita 1,800, dakika 10. Juu ya hapo, 15. Kwa hiyo Dar ni 5, Lushoto 10, wewe Limuru 15, na mtu wa Njombe na Makete 15. Anayechemsha chini ya dakika 10 lazima kwanza achemshe chupa tupu dakika 10 zife vijidudu, ndipo ajaze zikiwa moto.

Siagi iingie ikiwa inatokota, acha nafasi ya nusu sentimita na kitu juu, futa mdomo wa chupa usibaki na rojo, kifuniko kipya. Maji yafunike chupa kabisa. Chini ya sufuria weka kitambaa, chupa zisigonge kitako.


Nyamusoma (mleta uzi)

Asante mkuu. Hilo la milima sikulijua, nimejifunza kwenye uzi wangu mwenyewe. Na zile chupa za vinywaji na mayonezi jamani tusizitumie kuchemshia, moja ilinipasukia nikaokota vioo wiki nzima.

Tofaa_Limuru, chupa zikitoka ziweke juu ya taulo, usizigeuze juu chini kama tulivyofundishwa na shangazi. Utasikia "ta!" moja moja kifuniko kikivutwa ndani. Mimi huwa nazihesabu nikiwa kitandani.


Kijana_wa_Tandika

Mama na umeme ukikatika katikati ya usiku? Huku unaweza kulala na siagi ukaamka na msiba.


Nyamusoma (mleta uzi)

Umeme ukikatika saa moja mbili, acha kifuniko kimefungwa, kauri inashika joto. Ukirudi endelea. Ukiamka asubuhi chungu kimepoa na hujui kimelala baridi tangu saa ngapi, mimi ningehamishia sufuriani nichemshe mpaka itokote vizuri kisha niendelee kwa jiko. Ikiwa na harufu ya pombe, hiyo tena ni hadithi nyingine.


Fundi_Jikoni_Mwenge

Nimejaribu bila unga. Saa 5 na sufuria wazi, mkaa. Kilo 4 za epo zilizogongwa, imebaki kiduchu. Nimeonja. Sasa nikiiuza bei ya jamu nitakula hasara.


BintiMlandege

Uza bei ya halua 😂


Tofaa_Limuru

Mrejesho, wadau.

Tofaa kilo 3 za miti yangu, ziko tamu sana hazina ukali, kwa hivyo niliongeza maji ya ndimu vijiko vikubwa 2. Mdalasini wa vijiti, karafuu 4 nzima kwa kitambaa kama alivyosema BintiMlandege. Sufuria ya kitako kizito juu ya jiko la makaa, majivu juu. Sukari kikombe kimoja tu. Nilianza saa 2 asubuhi, saa 8 mchana ikawa bado inatoa maji kwa kisahani. Mama mkwe akapita, akauliza kama napikia harusi. Akachukua mwiko akakaa. Saa 10 jioni kilima kikasimama.

Nimepata chupa 4 na kikombe. Nimechemsha dakika 15 kwa saa. Tatu zimelia "ta!". Ya nne iko kimya, ukibonyeza kifuniko katikati kinashuka na kupanda. Niichemshe tena?


Mkemia_wa_Jikoni

Unaweza, ndani ya saa 24, kwa kifuniko kipya na dakika zile zile 15. Au iweke kwenye friji muile kwanza.


Tofaa_Limuru

Imeshaamuliwa. Mama mkwe ameiweka kwa mkoba wake.